Malezi ya Uraia Mwema, Uongozi na Ushirikiano kwa Watoto Wadogo



Wengi wetu tunaikumbuka ile karatasi ya wapiga kelele. Mwalimu anapotoka darasani, kiranja hubaki na kalamu, na kila jina linaloandikwa hulipiwa kwa fimbo. Nilipokuwa darasa la nne nilikuwa kiranja. Siku moja mwenzangu alinipa kipande cha muhogo, nami nikalifuta jina lake. Jina la mtoto asiyekuwa na kitu cha kunipa likabaki. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo, lakini pia hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba kalamu ile haikuwa yangu.

Tunapolalamikia rushwa na ubinafsi wa viongozi, ni vema tukumbuke kwamba mazoea hayo huanza mapema, tena katika mambo madogo.

Mafundisho ya Kanisa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba familia ndiyo shule ya kwanza ya fadhila ambazo kila jamii inazihitaji. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inawakumbusha wazazi kwamba wao ndio wenye wajibu wa kwanza wa kuwalea watoto wao (na. 2223), na kwamba raia anapaswa kushirikiana na mamlaka kwa ajili ya manufaa ya wote (na. 2239). Kwa hiyo, uraia mwema si somo la shuleni tu, bali ni sehemu ya maisha ya fadhila.

Kuhusu uongozi, Bwana wetu aliwaambia Mitume kwamba anayetaka kuwa mkubwa kati yao hana budi kuwa mtumishi wao (rej. Mk 10:42-45). Kuhusu ushirikiano, Mtume Paulo anatufundisha kwa mfano wa mwili: viungo ni vingi, kila kimoja kina kazi yake, na hakuna kinachoweza kukidharau kingine (rej. 1Kor 12:12-26).

Nyumbani tuanzie wapi?

Kwanza, mtoto apewe jukumu dogo lililo lake kweli. Wa miaka minne anaweza kupanga viatu mlangoni. Wa sita, kuwapa kuku maji. Wa nane, kutumwa chumvi dukani na kurudisha chenji kamili. Akisahau, akumbushwe kwa upole, lakini asifanyiwe kazi yake.

Pili, uongozi uwe wa zamu. Wiki hii mkubwa asimamie usafi wa nyumba, wiki ijayo mdogo wake, awe wa kike au wa kiume. Msimamizi naye ashike ufagio. Mtoto anayewaamuru wenzake akiwa ameketi anajifunza ubwana. Anayefagia pamoja nao anajifunza utumishi.

Tatu, kuwe na muda wa kutoa hesabu. Jumamosi, baada ya sala ya jioni, familia ijiulize: Kazi ilikwendaje? Nani alielemewa? Nani anapaswa kuombwa radhi? Wazazi nao waulizwe, nao wajibu.

Nne, mfano wetu usipingane na maneno yetu. Mtoto akiwa kiti cha nyuma na kumwona baba akipenyeza noti ili asiandikiwe faini, mafundisho ya mwaka mzima yamefutika. Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Parokiani na katika Jumuiya

Kanisa lina chombo cha zamani kwa kazi hii, nacho ni Shirika la Kipapa la Utoto Mtakatifu. Lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, na Papa Pius XI akalipa hadhi ya kipapa tarehe 3 Mei 1922. Tangu mwanzo, watoto walialikwa kusali Salamu Maria moja kila siku na kutoa senti moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wa nchi za mbali. Huo ni uraia unaovuka mipaka ya taifa.

Basi, tusiwaite watoto wa Utoto Mtakatifu kwa maandamano na nyimbo tu. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo, mmoja asome Somo, wengine watatu wahesabu kwa pamoja mchango wao, na kiasi kitangazwe mbele ya wote, pamoja na jinsi kitakavyotumika.

Utii na maswali

Wapo wanaodhani kwamba mtoto mwema ni yule anayenyamaza. Yesu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili aliketi Hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali, kisha akashuka Nazareti na kuwatii wazazi wake (rej. Lk 2:46-51). Raia mwema huuliza kwa heshima na hutii kwa hiari. Mtoto aliyezoea kunyamazishwa atakuwa mtu mzima anayeona uovu na kunyamaza.

Wapendwa, jioni hii, kabla ya sala ya familia, chagueni jukumu moja kwa kila mtoto, na moja kwa kila mzazi. Siku moja mtoto wako atakabidhiwa kalamu, ufunguo au muhuri wa watu wengine. Ajue mapema kwamba si mali yake.

Familia Takatifu ya Nazareti, mtuombee.