Shamba la Makumbusho Uyole: Mwaka Gani Uonyeshwe?

Atokaye Mbeya mjini kuelekea mashariki hufika Uyole, mahali njia ya Tukuyu iendayo Malawi inapoachana na njia kuu ya Iringa. Hapo, katika nchi ya Wasafwa, ndipo kilipokuzwa katika miaka ya 1970 kituo cha kilimo kwa msaada wa Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi. Kwa kuwa mbegu mpya zimechunguzwa hapo muda mrefu, yafaa tufikiri kama papo hapo pangeweza kuwekwa shamba la makumbusho, lilimwe kama walivyolima wazee.

Wazo lenyewe si geni. Artur Hazelius alifungua Skansen, mjini Stockholm, mwaka 1891. Na Dar es Salaam ilipata Kijiji cha Makumbusho katika miaka ya 1960, chenye nyumba za makabila mbalimbali. Lakini nyumba huonyesha ujenzi. Shamba huonyesha kazi, na kazi ina majira yake. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mwaka gani uonyeshwe?

Ulezi ni zao la kale katika nchi hizi. Mahindi na viazi mviringo asili yake ni Amerika, na pareto ililetwa wakati wa ukoloni. Mgeni akiyakuta yote pamoja mbele ya tembe ya Kihehe, akaambiwa kwamba hivyo ndivyo walivyoishi wazee, atakuwa amedanganywa. Naona yafaa yawepo mashamba mawili. La kwanza liwe la kabla ya 1891, mwaka wamisionari walipoingia Unyakyusa na Wahehe walipopigana na Wajerumani huko Lugalo, katika zama zile zile sotoka ilipoangamiza ng'ombe wengi wa Afrika Mashariki. Humo yaonekane majembe ya wahunzi wa Kikinga, waliyoyauza kwa majirani zao Wanyakyusa. La pili liwe la miaka ya 1930, wanaume wengi walipokwenda kuchimba dhahabu Lupa, na mwanamke akabaki na jembe peke yake. Makumbusho yasiyotaja njaa, vita na uchovu wa mwanamke huyo ni pambo tu.

Swali la pili latuhusu sisi wanafunzi wa lugha. Watu wa Iringa na Njombe huita vinyungu yale mashamba ya mabondeni yalimwayo wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Mgeni akiandika "bustani" ameacha bonde, ameacha kiangazi, na ameacha maarifa yote ya kuongoza maji. Basi kila chombo na kila kazi iandikwe kwanza kwa Kisafwa, Kinyakyusa, Kihehe au Kibena, kisha ndipo ifasiriwe kwa Kiswahili. Huenda Kiswahili chenyewe kikatajirika kwa kuyapokea baadhi ya maneno hayo.

Kazi hii haingoji fedha za ujenzi. Kati ya 1973 na 1976 watu wengi walihamishiwa vijijini na maboma yao ya zamani yakaachwa; aliyekuwa mtu mzima siku zile sasa ni mkongwe. Kuta za tembe zaweza kusimamishwa wakati wowote, maana udongo upo. Ajuaye jina la kila mti wa paa lake, na sababu ya kuuchagua, hatakuwapo wakati wowote. Yatupasa tuanze kwake.