Nyuso za Waturkana Juu ya Karatasi

Katika hazina ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, mna picha za watu wa jamii mbalimbali za nchi zilizochorwa na Joy Adamson kuanzia mwaka 1949. Ni picha za sura, nyingi za rangi za maji juu ya karatasi, na Waturkana wamo. Nyingine za mkusanyiko huohuo zimetundikwa Ikulu. Dunia inamkumbuka Adamson kwa simba jike Elsa, aliyeanza kumlea mwaka 1956, lakini kwa historia ya Kenya picha hizi zina uzito kuliko simba yule. Ni miongoni mwa kumbukumbu kubwa zaidi za nyuso za watu wa nchi hii zilizochorwa kwa mkono kabla ya uhuru.

Desturi ya kuweka uso wa mtu kwenye karatasi na kuutunza ni ya zamani, na ilienea Ulaya kwa njia ya bei nafuu kabisa: picha ya kivuli. Katika karne ya 18, mtu asiyeweza kumlipa mchoraji wa rangi za mafuta aliketi ubavu mbele ya mshumaa, kivuli chake kikachorwa ukutani, kisha kikapunguzwa na kukatwa kwenye karatasi nyeusi. Kazi ilimalizika kwa dakika chache. Mjini Philadelphia, Marekani, Moses Williams, aliyezaliwa mtumwa katika nyumba ya Charles Willson Peale, alikata maelfu ya vivuli hivyo kwa mashine katika makumbusho ya Peale mwanzoni mwa karne ya 19, na akiwa mtu huru akaishi kwa kazi hiyo. Vikaratasi vyake vimetunzwa hadi leo.

Picha ya kivuli ilikuwa na upande mwingine usiopendeza. Johann Caspar Lavater, mchungaji wa Zürich, alichapisha kati ya mwaka 1775 na 1778 vitabu vinne akidai kwamba tabia ya mtu husomeka katika mstari wa paji la uso, pua na kidevu. Wazo hilo halikuwa na msingi, ila liliota mizizi. Kamera ilipokuja, wataalamu wa Ulaya waliichukua kwa shabaha ileile: kumpiga mtu wa makoloni picha ya mbele na ya ubavu, ili apimwe. Mwaka 1869 John Lamprey wa London alipendekeza mtu asimamishwe mbele ya fremu yenye nyuzi zilizopangwa miraba, vipimo vya mwili visomwe moja kwa moja kwenye picha. Katika picha za namna hiyo, jina la aliyesimama halikuhitajika.

Waturkana waliingia kwenye karatasi za Ulaya karibu miaka 20 baadaye. Mwezi Februari 1887 Count Sámuel Teleki wa Hungary na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria, waliondoka Pangani na msafara wa wapagazi wa pwani. Miongoni mwa viongozi wa njia alikuwemo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyeijua bara kuliko Mzungu yeyote wa wakati huo. Tarehe 6 Machi 1888 walifika kwenye ziwa ambalo leo huitwa Turkana, wakalipa jina la Rudolf, mrithi wa kiti cha Austria. Wenyeji walikuwa na majina yao. Wakirudi walipita nchi ya Waturkana na bonde la mto Turkwel. Kitabu cha Höhnel kilitoka Vienna mwaka 1892 na kwa Kiingereza mwaka 1894, kikiwa kimejaa picha. Kwa utaratibu wa uchapaji wa siku hizo, michoro na picha za safarini zilichorwa na kuchongwa upya Ulaya. Kwa hiyo sura ya Mturkana iliyomfikia msomaji ilikuwa imepita mikononi mwa fundi asiyewahi kumwona Mturkana hata mmoja.

Tofauti kubwa ya Adamson ni hiyo: yeye alikaa uso kwa uso na aliyemchora. Alizaliwa mwaka 1910 huko Troppau, katika himaya ya Austria, mji ambao leo ni Opava, nchini Czech. Alifika Kenya mwaka 1937. Mume wake wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea, na ni katika ndoa hiyo alipoanza kuchora maua ya porini kwa rangi za maji. Alikuwa hodari: mwaka 1947 chama cha bustani cha Uingereza kilimpa medali ya dhahabu kwa michoro hiyo. Mwaka 1944 alikuwa ameolewa na George Adamson, askari wa wanyamapori aliyekuwa na kituo Isiolo, na kwa ndoa hiyo kaskazini yote ya Kenya ikawa njia yake ya kila siku. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alijifunza kuchora watu katika shule ya sanaa ya Slade, London.

Serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila zaidi ya 20 wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi, kwa hoja kwamba mambo hayo yalikuwa yakitoweka. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa, kutoka pwani hadi ziwani Victoria na hadi jangwa la kaskazini. Mwaka 1967 picha nyingi zilichapishwa katika kitabu chake, *The Peoples of Kenya*. Ukijumlisha watu na mimea, kazi zake za rangi na michoro zinahesabiwa kuwa zaidi ya 500.

Adamson hakuwa mpimaji wa mafuvu. Watu wake wameketi au kusimama kwa heshima zao, macho yakiwa hai, na rangi ya ngozi haikufanywa moja kwa wote. Lakini mkono wake ulikuwa umezoea mimea, na mchoraji wa mimea hufunzwa jambo moja mahsusi: ua analolichora haliwi ua lile tu, ni mwakilishi wa aina yake yote. Huandika jina la aina, haandiki jina la ua. Mazoea hayo yaliingia pia katika picha za watu. Mara nyingi maelezo yake hutaja kabila, rika au cheo, yakaishia hapo. Mzee wa Kiturkana. Msichana wa Kiturkana.

Usahihi wa mimea ulileta faida vilevile, hasa kwa Waturkana, ambao mapambo yao yalikuwa lugha iliyosomeka kutoka mbali. Kichwa cha mwanamume peke yake kilieleza mengi. Nywele zilikandikwa udongo zikawa kofia ngumu inayoshikamana na kichwa, zikapakwa rangi, na vishimo vidogo vikaachwa vya kuchomekea manyoya ya mbuni. Kazi hiyo ilichukua saa nyingi na haikuweza kurudiwa kila siku, ndiyo maana mwanamume alitembea na *ekicholong*, kigoda kidogo cha mbao cha kukalia mchana na cha kuegemeza shingo usiku ili udongo usivunjike. Chini ya mdomo kulikuwa na ndonya. Kwenye kifundo cha mkono alivaa kisu cha mviringo, makali yakiwa nje, yamefunikwa kwa ukanda wa ngozi mpaka yatakapohitajika. Mwanamke alionekana kwa shanga zilizopangwa duara juu ya duara kutoka mabegani hadi kidevuni, na kwa ngozi za mbuzi zilizolainishwa na kutiwa nakshi.

Mambo haya hayakuwa urembo mtupu. Kila mwanamume wa Kiturkana ni wa upande mmoja kati ya pande mbili, Ngimor, yaani mawe, au Ngirisai, yaani chui, na mtoto wa kiume huwa upande ulio kinyume na wa baba yake, hivyo hulingana na babu. Manyoya na madini ya mapambo yalikuwa miongoni mwa alama za kutofautisha pande hizo. Mchoraji aliyenakili rangi ya unyoya au ya kipande cha chuma bila kukosea aliweza kuwa ameandika habari ya upande wa mtu bila yeye mwenyewe kujua. Mwanazuoni P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti Turkana mwishoni mwa miaka ya 1940, aliuandika mpangilio huo kwa maneno. Picha na maandishi yake vikiwekwa pamoja vinasaidiana kuliko kila kimoja kikiwa peke yake.

Kitu ambacho picha hazionyeshi ni hali waliyoishi watu hao. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Kwa sheria ya wilaya maalumu ya mwaka 1934, mtu wa nje hakuingia bila ruhusa na mwenyeji alibanwa asitembee atakavyo. Kabla ya hapo serikali ilikuwa imepeleka majeshi, kubwa zaidi likiwa lile la mwaka 1918, na mifugo mingi ilichukuliwa. Ni ajabu, na inauma, kwamba dola iliyowapokonya watu hawa ng'ombe wao ndiyo iliyolipa mapambo yao yahifadhiwe kwenye karatasi.

Ukali wa kufungwa kwa wilaya hiyo ndio ulioifanya iwe mahali pa kuwaweka wapinzani wa serikali. Jomo Kenyatta, aliyehukumiwa Kapenguria mwezi Aprili 1953, alitumikia kifungo Lokitaung pamoja na Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai na Kung'u Karumba. Mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar, akaishi chini ya amri ya kutotoka hadi Aprili 1961, alipopelekwa Maralal. Viongozi wa vyama vya KANU na KADU walimfuata Lodwar mwezi Machi mwaka huo. Miaka mitano baadaye, Septemba 1966, Kenya ilitoa noti zake za kwanza, na uso wa mfungwa huyo wa zamani, ambaye sasa alikuwa rais, ukawa picha ya sura iliyosambaa kwenye karatasi kuliko nyingine yoyote nchini. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu binafsi kwenye fedha, na noti zilizotolewa mwaka 2019 ziliiondoa picha hiyo. Mmoja wa waliopita Lodwar ana jina ambalo kila mtoto wa shule analijua. Wengi waliochorwa na Adamson katika muongo uleule hawana jina lolote katika maelezo ya chini ya picha.

Kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lodwar, mambo yako kinyume. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, ikapokea kwanza maelfu ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, kisha Waethiopia, Wasomali, Wakongomani, Warundi na wengineo. Leo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu zaidi ya 200,000. Huko hakuna uso usio na maandishi. Anayesajiliwa hupigwa picha ya mbele, macho kwenye kamera, na picha huambatana na jina, namba, ukubwa wa kaya na tarehe ya kuzaliwa. Wengi wasioijua tarehe yao wameandikiwa 1 Januari. Shabaha ya karatasi hizo ni mgao na ulinzi, si historia, lakini baada ya miaka 50 mtafiti wa Kakuma atakuwa na majina mengi mno, wakati yule wa Turkana ya 1950 ana mapambo mengi na majina machache. Wenyeji wa Kakuma, ambao ni Waturkana, wameishi kati ya aina hizo mbili za kumbukumbu.

Swali la kuzirudisha sura za zamani kwa wenyewe limeshaanza kujibiwa kwingineko Kenya. Mwaka 2007 makumbusho ya Pitt Rivers ya Oxford yalishiriki maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, ambapo nakala za picha za Waluo zilizopigwa mwanzoni mwa karne ya 20 na miaka ya 1930 zilipelekwa Nyanza, na wazee wakazungumza mbele ya nyuso za watu wa koo zao. Makumbusho hayohayo yana hasi za picha zaidi ya 38,000 za Wilfred Thesiger, aliyetembea kaskazini mwa Kenya hadi ziwa Turkana kuanzia mwaka 1960. Mwaka 2021 mradi mwingine, wa Makumbusho ya Taifa pamoja na wasanii wa Kenya na makumbusho ya Cologne na Frankfurt, ulionyesha Nairobi orodha ya vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyomo nje ya nchi.

Picha zenyewe za Adamson haziwezi kusafiri ovyo. Rangi za maji ni tabaka jembamba la chembe juu ya karatasi, na mwanga ukishazifubaza hakuna dawa ya kuzirudisha. Rangi za udongo, kama ile nyekundu ya kutu, hustahimili. Rangi nyekundu zitokanazo na mimea na wadudu ndizo huondoka kwanza, hata uso ukabaki wa kijivu. Ndiyo maana kiwango cha kawaida cha makumbusho kwa picha za aina hii ni mwanga wa lux 50 tu, na baada ya muda wa maonyesho hurudishwa kwenye majalada ya karatasi isiyo na asidi, gizani. Jua la mchana la Lodwar hufikia lux 100,000.

Nakala iliyochapishwa haina mashaka hayo. Inaweza kutundikwa chini ya mti Kakuma au kwenye tamasha la Tobong'u Lore linalofanyika Lodwar, ambako Waturkana hukutana na ndugu zao wa Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, ikaguswa na kuulizwa. Muda ndio haba. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Adamson alipoanza kazi yake mwaka 1949 alizaliwa karibu mwaka 1929. Wanaoweza kumtambua kwa sura ni watoto wake na wajukuu wakubwa, na wao pia ni wazee sasa.