Kabla Greda Halijafika Mwakitolyo

Usukumani, barabara ilikuwa kazi ya wanakijiji kabla haijawa kazi ya serikali. Marehemu babu yangu alikuwa nsumba ntale, mkuu wa vijana, mwenye kuwaita kulima shamba la mgonjwa, kuezeka nyumba au kufyeka njia ya kisimani. Alituhadithia kwamba jembe halikuinuliwa kabla hajaketi na banamhala, yaani wazee, wakakubaliana njia ipite wapi. Isikate ngitili, malisho yaliyotunzwa kwa ajili ya kiangazi. Isishuke mbugani, kwenye udongo mweusi, ambako masika mkokoteni wa ng'ombe huzama hadi ekseli. Wazee walikuwa wakipanga barabara kwa kuanza na maji.

Utaratibu huo ulivunjwa kwa awamu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa maendeleo wa Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Watu waliamriwa kutengeneza matuta, kupunguza mifugo na kulipa kodi ya ng'ombe. Kinyongo cha miaka hiyo kilichangia Geita kuchafuka mwaka 1958, wananchi walipokataa baraza la mchanganyiko wa rangi.

Kisha ikaja zamu yetu wenyewe. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa hadi mwisho wa 1976 kila mtu aishi kijijini, na mwaka 1974 operesheni ya kuhamishia watu vijijini ikafika Shinyanga. Nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara. Mama yangu alipimiwa kiwanja kwa kamba mahali ambapo kila mzee alijua maji hupita. Nia ilikuwa kuwasogezea watu shule, zahanati na visima, na shule hizo ndizo zilizonisomesha. Lakini halmashauri ya kuipelekea hoja ile haikuwepo tena, na masika iliyofuata mama alilala amesimamisha magunia ya mtama juu ya kitanda.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 ilirudisha halmashauri, ikaupa mkutano wa kijiji, wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, nafasi ya juu katika mambo ya kijiji. Hilo ndilo baraza la babu yangu likiwa na muhuri wa dola, na safari hii wanawake wamo kwa haki.

Huku Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, hata hivyo, makazi ya machimbo ya dhahabu hayakungoja mkutano. Nyumba zilifuata maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, vibanda vikafuata wachimbaji, na nafasi iliyobaki kati ya karasha na karasha, mashine za kusaga mawe, ikawa mtaa. Humo hupita malori ya mawe, bodaboda na watoto wa shule. Maji ya mialo, wanakooshea dhahabu, humwagikia humo humo. Udongo wa mbuga hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Kifusi kikimwagwa juu yake bila kuinua mgongo wa barabara, bila mitaro wala kalavati, humezwa chote.

Mwaka 2017 barabara za wilaya zilitoka mikononi mwa halmashauri zikakabidhiwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Mwaka 2021 kila lita ya petroli na dizeli iliongezewa shilingi 100 kwa ajili ya barabara hizo. Nafurahia fedha hizo na wahandisi hao. Ila tuone pengo lililozaliwa: mkutano wa kijiji uko chini ya halmashauri, mwenye greda yuko chini ya wakala. Wasipokutanishwa mapema, tutarudi kwenye kamba ya 1974.

Inawezekana kukutana. Hananasif, Dar es Salaam, mtaa wa bondeni usiopimwa, kuanzia 1994 wakazi walishiriki kupanga mitaro na njia zao, wakaajiriwa kuichimba kwa mkataba uliopita mikononi mwa jumuiya yao. Walijua nyumba ipi hufurika kwanza kwa sababu walikuwa wakilala ndani yake.

Naomba hayo hayo hapa. Mhandisi apite mtaani masika, akiongozana na mama lishe aliyeinua kizingiti chake mara kadhaa na dereva anayejua lori hukwama wapi. Mkutano uitishwe saa ambayo wachimbaji wametoka maduarani. Wapangaji wasikilizwe sawa na wenye nyumba, maana vumbi halibagui. Yaamuliwe mapema kifusi kitachimbwa wapi na shimo litafukiwa na nani, wenye mialo wataelekeza wapi maji yao, na kila kaya itazibua kipande gani cha mtaro. Yaandikwe kwenye muhtasari, usomwe hadharani, nakala ikae kwa mtendaji na nyingine kwa mhandisi, kisha ndipo vigingi vipigwe.

Kijana wa machimboni ataniambia kwamba dhahabu ikiisha ataondoka, barabara ya nini. Namjibu kwamba wapo watakaobaki, na leo, akiangukiwa na kifusi shimoni, gari litakalompeleka hospitali litapita mtaa huu huu.