Mwenye Kitambaa na Fundi: Ushonaji wa Nguo za Kiume katika Mwambao

Katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Kilwa, vazi la mwanamume kwa muda mrefu lilitokana na mapatano ya watu wawili: mwenye kitambaa, aliyekichagua na kukilipia, na fundi, aliyelipwa kwa kazi ya kukikata na kukishona. Historia ya ushonaji huu ni historia ya mapatano hayo, na hasa ya ujuzi uliohitajika pande zote mbili ili nguo itoke ikiwa imemkaa mwenyewe.

Kazi ya nguo mwambaoni ni kongwe kuliko biashara ya vitambaa vya viwandani. Wanaakiolojia wamefukua Kilwa vigurudumu vidogo vya udongo vilivyotumika kusokotea pamba, na msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilipelekwa hadi Misri. Katika karne ya 19, hata hivyo, kitambaa kilichotawala soko kilikuwa merikani, yaani pamba nzito isiyopaushwa iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, ambayo biashara yake ilipata nguvu baada ya Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, kutia saini mkataba na Marekani mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipokatiza ugavi wa merikani, vitambaa vya Uingereza na vya viwanda vya Bombay vilipata nafasi ya kujaza pengo hilo. Mnunuzi alipimiwa kwa mkono, yaani urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zilifanya doti.

Kutokana na kitambaa hicho fundi alishona kanzu, vazi ambalo kwa mbali huonekana sahili, lakini ambalo umbo lake limejengwa kwa vipande vingi vyenye majina. Badani ni kipande kikuu cha mbele na nyuma kinachoshuka kutoka mabegani. Taharizi ni vipande vya ubavuni vinavyopanuka kuelekea chini ili mvaaji apige hatua bila kubanwa. Kaba ni kitambaa cha ndani kinachoimarisha shingo, na lisani ni kipande kinachokaa nyuma ya mpasuko wa kifuani. Kikwapa, kipande kidogo kinachotiwa chini ya mkono, ndicho kinachopima ustadi wa fundi kuliko vyote, kwa kuwa kikikatwa vibaya, kanzu nzima huvutwa juu kila mvaaji anapoinua mikono, hata anapotoa takbira ya sala. Mteja aliyeyajua majina haya aliweza kumweleza fundi kasoro ilipo, na fundi aliweza kuirekebisha bila kubahatisha.

Thamani ya vazi hili haikuwa ya ufundi peke yake. Katika jamii ya Unguja ya karne ya 19 mavazi yalitofautisha mwungwana na mtumwa, na mwanamume mtumwa hakutarajiwa kujifunika kichwa kwa kofia. Baada ya amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, wanaume wengi waliopata uhuru walivaa kanzu na kofia kama tamko la hadhi yao mpya, kwa hiyo fundi akawa mshiriki katika mabadiliko makubwa ya kijamii.

Cherehani, iliyoenea duniani baada ya Isaac Singer kupata hataza yake mwaka 1851, ilibadilisha kasi ya kazi na pia mahali pa kuifanyia. Katika kipindi cha ukoloni, fundi mwenye cherehani ya miguu aliketi kwenye baraza la duka la vitambaa, mara nyingi la Mhindi, ili mnunuzi apimwe pale pale alipolipia, na kazi yake ikapanuka hadi suruali, mashati, kaki na suti. Hata hivyo darizi, yaani nakshi ya uzi inayozunguka shingo ya kanzu, iliendelea kuheshimiwa zaidi iliposhonwa kwa mkono.

Baada ya uhuru mafundi walipata kazi nyingine katika Kaunda suti, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, na viwanda kama Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, viliwapatia wateja kitambaa cha nyumbani. Kulegezwa kwa masharti ya uagizaji nchini Tanzania katikati ya miaka ya 1980 kulifungulia mlango mitumba, na tangu hapo mafundi wengi wamegeuka kuwa wapunguzaji wa suruali na wabadilishaji wa zipu.

Hasara kubwa ya mabadiliko hayo imeangukia ujuzi wa mteja. Mwanamume aliyezoea nguo iliyokwisha kushonwa hajui kuloweka pamba kabla haijakatwa ili isije ikaruka baadaye, wala haombi kujaribishwa nguo kabla mishono haijakamilishwa. Mafundi hodari wangali wapo, lakini historia hii inaonyesha kwamba uhodari wao ulikuzwa na wateja waliojua kudai kazi safi, na ni kwa kurudisha ujuzi huo ndipo kazi hiyo itakapoendelea kupatikana.