Nyongeza na Maongezi: Historia Fupi ya Kupatana Bei Ufipa

Wapenzi wa lugha tumezoea kuchambua maneno ya mapenzi, ya dini na ya siasa. Maneno ya sokoni huachwa kando kana kwamba hayana nasaba. Nimefundisha Historia na Kiswahili katika shule za sekondari za Rukwa kwa zaidi ya miaka thelathini, na kadiri nilivyofundisha ndivyo nilivyoamini kwamba soko la Sumbawanga ni maktaba. Hoja ninayotaka kuileta mbele ya wasomaji ni moja. Huku Ufipa, kupatana bei hakujawahi kuwa jambo la bei peke yake. Nyuma ya bei kuna kipimo, na kila mara bei ilipofungwa, mapatano yalihamia kwenye kipimo. Asiyelijua hilo hupunjwa huku akidhani amepatana.

Tuanze na maneno yenyewe. Neno “biashara” limetokana na maneno mawili ya Kiarabu, la kuuza na la kununua, yaliyounganishwa yakawa moja. “Bei” kwa Waarabu ni tendo la kuuza. Waswahili tumelifanya kuwa kiasi kinacholipwa. “Rahisi” lilikuja likiwa na maana ya kitu kisicho ghali, nasi tukalipanua hadi likawa na maana ya kisicho kigumu. Lakini tendo la kujadiliana bei tumelipa neno letu la Kibantu, “kupatana,” lenye kiambishi cha kutendana ndani yake. Neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa ndugu waliogombana wakasuluhishwa. Wahenga nao walisema biashara haigombi.

Lipo neno jingine la kutazamwa kwa makini. Kitenzi “ongea” katika kamusi za zamani kina maana mbili: kuzungumza, na kuzidi au kuongezeka. Kutokana nacho tuna “maongezi,” na kutokana na mwenzake “ongeza” tuna “nyongeza.” Muuzaji wa leo akisema “Maongezi yapo,” anamaanisha kuwa bei aliyoitaja si ya mwisho. Mnunuzi akisema “Niongeze kidogo,” anataka nyongeza. Maneno haya mawili, maongezi na nyongeza, yametembea pamoja katika historia yote ninayoisimulia, na ubaya ulianza siku yalipotenganishwa.

Kabla ya sarafu kufika, Ufipa ilikuwa tayari na bidhaa za kubadilishana. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, zile tanuu ndefu za udongo zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, na majembe yao yalikuwa mali ya kuwekeza na ya kuolea. Katika bonde la Rukwa walikuwapo wafumaji wa nguo za pamba. Karne ya 19 ikaleta misafara kutoka pwani, ikiwa na merikani na kaniki, na kitambaa kikawa fedha. Kipimo chake kilikuwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilifanya shuka, mikono minane ikafanya doti.

Hapo ndipo swali linapoanza: mkono wa nani? Watu wawili waliweza kukubaliana kwa moyo mweupe kwamba mzigo fulani wa nafaka ni doti mbili, kisha mwenye mkono mfupi akapima kitambaa, na bei ikawa imeshuka bila neno kusemwa. Kwa hiyo aliyejua biashara alipatana mara mbili, kwanza juu ya idadi, kisha juu ya mpimaji.

Nafaka nayo ilikuwa na mambo yake. Pwani walipima kwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi. Lugha haikuishia hapo. Ilitofautisha kibaba cha tele, kinachojazwa hadi kikawa na kichuguu juu, na kibaba cha mfuto, kinachofutwa kikawa sawa na ukingo. Maneno “tele” na “mfuto” yaliwekwa ili muuzaji na mnunuzi wakubaliane mapema ni kipimo gani kinachozungumzwa. Lugha ilikuwa inafanya kazi ya mizani.

Sarafu zililetwa kwa nguvu na kodi. Wajerumani, waliokuwa na kituo Kasanga walipopaita Bismarckburg, walidai kodi kwa rupia, na aliyetaka rupia ilimbidi auze mazao au nguvu zake. Rupia moja ilikuwa na pesa 64. Kuanzia mwaka 1904 ikagawanywa kuwa hela 100. Waingereza wakaleta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921. Rupia imetoweka mifukoni, lakini “pesa” ya Kihindi na “hela” ya Kijerumani zimebaki midomoni mwetu zikiwa na maana ya fedha yoyote. Wakati huohuo mafuta ya taa yalituletea debe, bati la galoni nne, na bati tupu likageuka kipimo cha mahindi, maharage na ulezi. Hadi leo mkulima wa Ufipa huhesabu shamba lake kwa debe na gunia.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati bei zilipofungwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara kubwa ya jumla ilishikwa na serikali, na mwaka 1973 ikaundwa Tume ya Bei. Bei za sukari, sabuni, kanga na vitu vingine vingi zilipangwa kisheria. Lengo lilikuwa jema: mnyonge wa kijijini asikamuliwe na mwenye duka. Lakini bidhaa zilipoadimika, hasa kuelekea miaka ya 1980, ile bei iliyoandikwa ilibaki kwenye karatasi. Hapakuwa tena na nafasi ya kusema “Nipunguzie.” Msamiati ulibadilika. Watu wakawa “wanajuana” na mwenye duka, wakapitia “mlango wa nyuma,” wakanunua kwa “bei ya kuruka.” “Mlanguzi” likawa tusi la taifa, na mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mapatano yalikuwa hayajafa, ila yaliacha kuwa mazungumzo ya hadharani yakawa minong’ono ya kuomba hisani. Mtu anayepatana husimama wima. Anayeomba huinama.

Kwa mkulima wa mahindi, bei iliyofungwa ilikuwa na sura nyingine. Miaka ya 1970 serikali ilianza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima, bila kujali umbali wa kutoka shambani hadi sokoni. Mkoa wa Rukwa, ulioundwa mwaka 1974, uko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Dar es Salaam. Bila bei hiyo moja, gharama ya lori ingemeza faida yote. Kwa sababu hiyo mahindi yalisambaa Ufipa, na Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa mikuu ya chakula. Biashara ilipofunguliwa, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, bei moja ilitoweka hatua kwa hatua. Mkulima akabaki uso kwa uso na mnunuzi mwenye lori, katika barabara ya vumbi ya kutoka Tunduma, mvua zikikaribia na ada ya shule ikisubiri.

Bei ilikuwa huru sasa. Mtu angetarajia mapatano yarudi kwenye bei. Hayakurudi. Mnunuzi alifika na bei yake na magunia yake, na gunia likashonewa kilemba juu. Hiyo ndiyo lumbesa. Gunia la kawaida hufahamika kuwa la debe sita. Lumbesa huchukua saba, hata nane.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili hesabu ndogo katikati ya somo la Kiswahili. Gunia la debe sita likiuzwa kwa shilingi 60,000, debe moja ni shilingi 10,000. Gunia hilohilo likijazwa debe nane kwa bei ileile, debe moja limekuwa shilingi 7,500. Mkulima ametoa punguzo la robo nzima, wala hakuna aliyetamka neno “punguza.” Darasa lilikaa kimya kwa kitambo. Msichana mmoja akanyosha mkono akauliza, “Mwalimu, mbona baba ametoa nyongeza na hakuna aliyemwomba?”

Swali lake lina ufafanuzi wote ninaoutafuta. Nyongeza ya kweli ipo, na ni jambo zuri. Nenda kwa mama anayeuza maharage kwa sado, lile kopo la rangi lililogeuka kipimo. “Shikamoo mama. Hii ngapi?” “Marahaba mwanangu. Elfu nne tu.” “Niachie kwa tatu na nusu.” “Hainilipi, mwanangu. Chukua kwa nne, nikuongeze.” Kisha anakaza kopo, anaweka kichuguu, na baada ya kumimina anachota konzi moja zaidi. Wenzetu wa Zambia, ng’ambo ya mpaka, huiita konzi hiyo “mbasela,” na neno hilo limevuka hadi katika masoko ya upande wetu. Konzi hiyo imetanguliwa na salamu, imeombwa au imetolewa kwa hiari, na mnunuzi atarudi wiki ijayo. Lumbesa ni nyongeza isiyo na maongezi.

Sheria ya vipimo inakataza kufungasha mazao kwa zaidi ya kilo 100, na tangu mwaka 2002 tuna Wakala wa Vipimo wa kuisimamia. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi Sumbawanga kwa kilo. Wapo wanaosema mizani inaua utamaduni wa kupatana. Historia inasema kinyume. Mizani inaondoa kwenye mjadala kile kisichopaswa kujadiliwa, ili watu wajadiliane kilichobaki: bei, ubora, usafiri, siku ya malipo. Hata simu imetuletea mjadala wa namna hiyo. Fundi akimaliza kushona suruali husema, “Tuma na ya kutolea,” na wawili hao huanza kupatana upya juu ya nani atabeba ada ya kutoa fedha. Huo ni mjadala halali, kwa kuwa kiasi kinatajwa waziwazi.

Kwa walimu wenzangu wa Kiswahili nina ombi. Tunawafundisha watoto majina ya vipimo kama orodha ya kukariri, kibaba, pishi, doti, jora, kana kwamba ni mifupa ya wanyama waliotoweka. Tuwafundishe pia tele na mfuto, na sababu iliyowafanya wazee wayatenge maneno hayo. Mtoto wa Ufipa atakayeingia shambani mwa baba yake siku ya kuuza, akauliza kabla ya gunia la kwanza kushonwa, “Tunapima kwa tele au kwa mfuto?” atakuwa ameitumia lugha yake kwa kazi iliyotengenezewa.