Mguu, Gitaa na Sauti

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Nawe, msomaji mpendwa, fikiri zaidi: chanda hakiwezi kujivika pete chenyewe. Hapana budi pawepo mkono wa pili. Vivyo hivyo, tendo la mtu, liwe jema namna gani, huzikwa pamoja naye ikiwa hapana kinywa cha kulisimulia. Tulitazame jambo hili katika historia ya mpiga gitaa, mcheza kandanda na mtangazaji, wote watatu wana wa Kenya.

Redio ilianza kutangaza Nairobi mwaka wa 1928. Haikuanzishwa kwa ajili ya babu zetu. Ilisema Kiingereza, na wasikilizaji wake walikuwa walowezi waliotamani habari za kwao. Vita Vikuu vya Pili, vya mwaka 1939 hata 1945, vilibadili mambo. Maelfu ya vijana Waafrika walikuwa vitani, na serikali ikaona haja ya kusema na jamaa zao kwa Kiswahili na lugha nyingine za nchi. Hivyo Mwafrika aliingia katika redio kwanza kama mtu wa kuambiwa. Ilichukua miaka mingi zaidi kabla hajawa mwenye kusema na mwenye kusemwa kwa sifa.

Katika miaka hiyo aliishi George Mukabi, mwenyeji wa Kisa, katika nchi ya Kakamega. Gitaa lilikuwa chombo cha kigeni, lakini mikononi mwake lilisema kwa lafudhi ya nyumbani. Vidole vyake vilipiga sauti nene na sauti nyembamba kwa pamoja, na mwenzake akafuatisha mwendo kwa kukwaruza na kugonga chupa ya soda. Mtindo huo uliitwa omutibo. Mukabi alifariki mwaka wa 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata Uhuru. Kama nyimbo zake hazikuingizwa katika santuri, leo tungelisikia jina tu, wala tusingelijua alipigaje.

Mcheza kandanda ni Joe Kadenge, wa Vihiga, sehemu iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Kakamega mpaka mwaka wa 1990. Aliichezea Kenya, na akachezea klabu ya Abaluhya, iliyoundwa mwaka wa 1964 na kutwaa ubingwa wa taifa mwaka wa 1966. Ndiyo klabu iitwayo sasa AFC Leopards. Televisheni ilikuwa imeingia nchini mwaka wa 1962, lakini nyumba zilizokuwa nayo zilikuwa chache mno. Mkulima wa Malava au Butere angemwonaje Kadenge akiwa kiwanjani Nairobi?

Alimwona kwa masikio. Mwaka wa 1964 Leonard Mambo Mbotela alijiunga na Sauti ya Kenya. Alizaliwa mwaka wa 1940 Frere Town, Mombasa, katika jamii ya wazao wa watumwa waliokombolewa. Yeye ndiye aliyeeneza maneno "Kadenge na mpira", ambayo hata watoto waliozaliwa baada ya mchezaji huyo kustaafu waliyajua. Tazama ajabu hii: mzao wa watu walionyang'anywa hata majina yao aliitwaa kazi ya kutangaza majina ya wengine. Na mtu wa pwani alimsifu mtu wa magharibi kwa lugha iliyo ya wote wawili, nchi nzima ikashangilia.

Nguvu ya sauti hiyo ilidhihirika pia siku ya hatari. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waliojaribu kuipindua serikali walimchukua Mbotela kwa nguvu ili atangaze habari zao. Walijua nchi inaiamini sauti ipi. Kadenge alifariki mwaka wa 2019, na Mbotela mwaka wa 2025. Majina yao hata leo hutajwa pamoja.

Lakini usidhani kwamba sauti humfikia kila astahiliye. Palikuwa na wachezaji hodari ambao viwanja vyao havikufikiwa na mtangazaji. Palikuwa na wanawake walioongoza nyimbo arusini na matangani, wala hapana santuri iliyochukua sauti zao. Hao hawakupungukiwa na ustadi. Walipungukiwa na shahidi.

Basi, ewe mwanafunzi, ushahidi huo sasa ni kazi yako. Waulize wazee wa kijiji chako ni nani aliyecheza, aliyeimba, aliyepiga ngoma. Andika jina lake kamili, mahali na mwaka, wala usiongeze chumvi, maana sifa ya uongo humvunjia heshima asifiwaye. Fanya hivyo wangali hai. Redio ya mwaka 1928 haikuwajua watu wetu kwa sababu haikutaka kuwajua. Sisi, tulio na kalamu na lugha, hatuna udhuru huo.