Bangi Mbele ya Mashahidi

Mwaka 1839, mjini Calcutta, daktari wa Kiayalandi aitwaye William Brooke O'Shaughnessy aliwasomea madaktari wenzake taarifa juu ya mmea ambao waganga wa India walikuwa wameutumia kwa karne nyingi. Aliujaribu kwanza kwa wanyama, kisha kwa wagonjwa wa baridi yabisi, pepopunda na kichaa cha mbwa. Alikuwamo pia mtoto mchanga wa siku 40, mwenye degedege isiyokoma. Akampa matone ya bangi iliyolowekwa katika spiriti, na mtoto akapona. Yule wa kichaa cha mbwa alipunguziwa mateso, lakini akafa. O'Shaughnessy aliyaandika yote mawili.

Tunapoitaja bangi kanisani, kwa kawaida tunakwenda moja kwa moja kwenye ulevi. Ulevi ni dhambi, na hilo silijadili hapa. Lakini kama mmea huu unatibu au hautibu ni swali jingine, na amri inayolihusu ni ile inayokataza ushuhuda wa uongo.

Mwaka 1937 Bunge la Marekani lilipokea mswada wa kuitoza bangi kodi, ambao kwa kweli ulilenga kuikomesha. Dkt. William Woodward, tabibu na mwanasheria, alifika mbele ya kamati kwa niaba ya Chama cha Madaktari cha Marekani. Alisema yanayodaiwa yametoka magazetini. Inasemekana wafungwa wengi wanavuta bangi, lakini mbona hakuna aliyeitwa kutoka idara ya magereza? Inasemekana watoto wa shule wanaharibika, mbona ofisi ya watoto haikuulizwa? Hakuitetea bangi. Aliomba ushahidi, na wajumbe wakamshambulia kwa maneno.

Mswada ulipofika bungeni, mbunge mmoja aliuliza kama madaktari wameshauriwa. Mjumbe wa kamati akajibu kwamba daktari wao ameuunga mkono kikamilifu. Haikuwa kweli. Mswada ukapita, na Rais Roosevelt akautia saini Agosti mwaka huohuo.

Sheria ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika kundi la dawa zisizo na matumizi yoyote ya tiba yanayokubalika. Kwa takriban nusu karne, mtafiti wa Marekani aliyetaka bangi halali aliweza kuipata kutoka shamba moja tu, la Chuo Kikuu cha Mississippi. Ushahidi ulidaiwa, na njia ya kuutafuta ikabanwa.

Ndipo upande wa pili nao ukateleza. Mwaka 1996 wananchi wa California waliihalalisha bangi ya tiba kwa kura. Sijui dawa nyingine tunayoikubali kwa wingi wa mikono. Wakaja wauzaji wakiahidi kutibu karibu kila ugonjwa, na mgonjwa wa saratani aliyekata tamaa hana nguvu ya kubishana na ahadi kama hizo.

Mwaka 2017 wataalamu wa taasisi za kitaifa za sayansi za Marekani walichapisha majumuisho ya tafiti. Walikuta ushahidi wa kutosha kwamba bangi, au dawa zitokanazo nayo, huwasaidia watu wazima wenye maumivu sugu, na hupunguza kichefuchefu kinacholetwa na dawa za saratani. Kwa magonjwa mengi mengine ushahidi ulikuwa haba. Walionya pia kuhusu uhusiano wa bangi na magonjwa ya akili.

Mwaka huohuo yakatoka matokeo ya jaribio la watoto na vijana 120 wenye kifafa kikali cha Dravet. Baadhi walipewa kanabidioli, sehemu ya bangi isiyolevya, na wengine kimiminika kisicho na dawa. Kwa waliopewa dawa, idadi ya kati ya degedege kwa mwezi ilishuka kutoka 12.4 hadi 5.9. Kwa wenzao ilikuwa 14.9, ikawa 14.1. Tangu mtoto wa Calcutta ilikuwa imepita miaka 178. Watafiti waliandika pia kwamba baadhi ya watoto hao walisinzia, wengine waliharisha, na vipimo vya ini vya wengine vikapanda.